Mimi wa Stoo

Nyumbani kwa Mama Simu mlango ulikuwa mmoja, na majibu ya mlango huo yalikuwa mawili. Ukibisha, mwenyewe aliuliza kutoka jikoni, "Nani?" na wewe ukajibu jibu letu sote lile lile la kipuuzi: "Mimi!" Kana kwamba yuko mtu duniani ambaye si mimi. Lakini kinachosikilizwa pale ni sauti, si neno, na kwa sauti ukajulikana, ukafunguliwa. Jibu la pili lilikuwa kimya. Mlango ukigongwa, "Nani?" ikaulizwa, kisha pasisikike kitu, Mama Simu alifuta mikono akaenda kufungua bila kuuliza tena. Huyo alikuwa binti yake.

Binti huyo alipata homa kali akiwa bado anajifunza kusema, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Watoto wa mtaani wakamwita Bubu, na Mama Simu akawatimua kwa ndala, tena si mara moja. Baba yake, fundi cherehani mwenye maneno machache na sindano mdomoni, ndiye aliyempa jina lililodumu. Alimwita Chiriku, maana mikono ya mtoto yule haikutulia. Iliuliza, ikabishana, ikasengenya majirani, ikasimulia ndoto. "Huyu angekuwa na sauti," alisema yule fundi, "tungehama nyumba sisi."

Jina la Mama Simu lilitokana na kazi. Alikaa kwenye swichibodi ya ofisi ya maji tangu akiwa msichana wa kufunga mkanda tundu la mwisho, mpaka akawa mama wa kukaa kiti kikalalamika. "Ofisi ya maji, nikuunganishe na nani?" Mji mzima uliijua sauti hiyo. Mtu alipiga kulalamikia bomba lililopasuka, akaishia kumsimulia habari za mkwe wake. Aliweza kujua nani kagombana na mkewe kwa namna tu alivyosema "alo." Kutwa nzima alichomoa waya huku, akachomeka kule, akawakutanisha watu wasiojuana. Jioni alirudi nyumbani kwa mtoto ambaye hapakuwa na waya wa kumfikia. Jambo hilo lilimuuma. Hakulitaja mara kwa mara, lakini lilimuuma sana, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Chiriku alisoma shule ya viziwi, akajifunza kupiga chapa, na vidole vyake vikawa vyepesi kuliko ulimi wa msengenyaji. Akazunguka maofisini na cheti chake. Kila alikokwenda aliulizwa swali moja, tena wakimwandikia kwa herufi kubwa kana kwamba uziwi ni ugonjwa wa macho: SIMU IKILIA UTAIPOKEAJE? Binti wa Mama Simu, jamani! Akirudi nyumbani aliwaigiza mabosi hao mmoja mmoja, huyu anavyokuna kidevu, yule anavyotikisa kichwa, mpaka baba yake akaacha cherehani akashika mbavu. Kisha alikwenda chumbani akafunga mlango, na hapo hakuna aliyecheka.

Siku zikaenda, ikaja habari kwamba swichibodi inaondolewa. Simu mpya hazikuhitaji mtu wa katikati: unazungusha namba, unampata umtakaye, hata shikamoo ya Mama Simu huna haja nayo. Wenzake wakaanza kupita chumbani kwake na nyuso za msibani.

"Ebo! Kafa nani hapa?" aliwauliza. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tokeni, mnaniletea mkosi."

Alisema hivyo kwa kuwa alikuwa na kiburi chake, lakini usingizi ulikuwa umempaa. Kumbe kuna mtu alikuwa anamtafuta. Huyo alikuwa Injinia, kijana mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa utepe upande mmoja, na mwenye tabia ya kuomba radhi kabla hajasema lolote.

"Samahani, mama," alisema. "Tunaletewa kompyuta. Nyaya zake ni nyingi, na mtu aliyezoea nyaya katika jengo hili ni wewe tu."

Kompyuta ilipofika ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Ikapewa chumba chake peke yake, chenye kiyoyozi kilichovuma mchana kutwa, wakati Mkurugenzi mwenyewe alikuwa anajipepea kwa faili. Wafanyakazi walidhani kila mtu ataletewa ya kwake. Wapi! Ilikuwa hiyo moja kwa wote. Kila meza ingepata kioo na kibodi tu, vitu visivyo na akili hata chembe, na kila kioo kingevutiwa waya mpaka chumba cha baridi na kuchomekwa kwenye tundu nyuma ya lile kabati. Akili yote ilikaa mle.

"Sasa itamsikiliza nani kwanza?" Mama Simu aliuliza.

"Inazunguka, mama. Inamsikiliza huyu kidogo, inahamia kwa yule, inarudi. Ila ina mbio mno, kwa hiyo kila mmoja anadhani yuko nayo peke yake."

"Aa, kumbe! Bibi anawagawia wajukuu uji. Kijiko huku, kijiko kule, hakuna anayelia."

Jina likanata siku hiyo hiyo. Kabati likawa Bibi, na vioo vikawa wajukuu. "Mjukuu wa masjala amezimia!" mtu alipaza sauti kwenye ukumbi, na mteja aliyekuwa akipita na bili yake akashika kifua akauliza hospitali iko wapi.

Bibi alikuwa na matundu kumi na sita, na hayakuongezeka kwa kubembelezwa. Mama Simu alivaa suruali ya kazi aliyoshonewa na mumewe, akapanda ngazi, akaingia darini kwenye vumbi na harufu ya popo, akavuta waya baada ya waya. Alijifunza kulehemu, yaani kushikisha ncha ya uzi kwenye plagi kwa chuma cha moto, na akaungua vidole kama kila mwanafunzi. Uzi wa kupelekea maneno ulitakiwa ukutane na uzi wa kupokelea, maana ukiunganisha mdomo na mdomo na sikio na sikio, hapana mazungumzo hapo. Hilo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kila plagi aliibandika kikaratasi chenye mwandiko wake: Uhasibu, Masjala, Malalamiko, Mafundi Bomba. Tundu moja Injinia alimpa yeye mwenyewe, likaandikwa Simu, ili awe na kioo cha kupimia nyaya katika chumba chake kile kile cha zamani.

Sasa sikiliza kosa lilivyozaliwa, na lilizaliwa kwa nia njema. Bibi alikuja akiwauliza watu kwa lugha ya kigeni, na Injinia akataka aulize kwa Kiswahili.

"Samahani, mama. Mtu akikaa mbele ya kioo, lazima Bibi amuulize jina. Nilifikiri tuandike, 'Ingiza kitambulisho cha mtumiaji.'"

"Weee! Hiyo ni salamu au ni polisi?" Mama Simu alishika kiuno. "Mtu kabisha hodi. Unamwambia karibu, unamuuliza nani. Basi."

Injinia akaandika kama alivyoambiwa: KARIBU. NANI?

Umeshaona wanakoelekea? Wao hawakuona. Asubuhi ya kwanza mhasibu alikaa mbele ya kioo chake, akaulizwa NANI?, naye akajibu kama mtu yeyote aliyelelewa kwao: MIMI. Na kwa kuwa mambo yalikuwa bado ya majaribio, Injinia alikuwa ameacha mlango wazi. Jina lolote jipya lilipokelewa bila neno la siri, likapewa chumba chake ndani ya Bibi. Bibi akampokea huyo Mimi, akampa chumba. Akaja karani wa masjala. NANI? MIMI. Bibi akaona ni yule yule, akamwingiza chumba kile kile. Kufika mchana, jengo zima lilikuwa Mimi. Kila mtu aliona kazi inakwenda, akanyamaza. Injinia naye aliona taa za Bibi zinapepesa zote, akaenda kunywa chai.

Wakati huo wasoma mita walikuwa wanarudi kila siku na namba za nyumba zote za mjini, na hapakuwa na mtu wa kuzichapa.

"Mtu ninaye," Mama Simu alimwambia Injinia. "Ana vidole vyepesi. Ila hasikii."

Injinia alisugua miwani yake. "Samahani, mama. Hata Bibi hasikii."

Ndivyo Chiriku alivyopata kazi. Mkurugenzi alikubali shingo upande: binti afanye kwa majaribio, na akimaliza majaribio bila lalamiko, atathibitishwa. Meza yake ikawekwa stoo ya zamani ya karatasi, chini kabisa, mwisho wa jengo, kwa kuwa ndiko kulikobaki nafasi. Tundu la mwisho la Bibi likawa lake.

Ule waya wa stoo ndio uliokuwa mrefu kuliko wote, na ulimtoa Mama Simu jasho. Siku ya kwanza Chiriku alichapa namba, na kioo kikamrudishia makorokoro, alama za ajabu zisizosomeka. Mara zinanyooka, mara zinaharibika. Alipanda juu kumwita mama yake, akamwonyesha kwa mikono: herufi zinakunjana nyuso kwenye kioo, sijui zinagombana! Mama Simu akaufuata waya hatua kwa hatua mpaka akaukuta umelala ubavuni mwa waya wa umeme wa pampu ya uani. Kila pampu ilipowaka, makelele yake yaliingia kwenye maneno ya Chiriku. Akauhamishia ukuta wa pili. Injinia akapunguza mwendo wa tundu lile, ili herufi zipite polepole zisijikwae.

"Jaribu sasa, mama," alisema Injinia, na akamwonyesha namna ya kupeleka maneno kutoka kioo kimoja hadi kingine.

Mama Simu alikaa kwenye kioo chake, chumba cha simu, na vidole vyake vikaandika ulichozoea mdomo wake. Aliandika NANI? akapeleka stoo.

Alingoja. Kisha herufi zikaanza kuingia moja moja, kwa ule mwendo wa pole wa waya wa stoo. M. Ikaja I. Ikaja M nyingine. Ikaja I.

Alilitazama neno hilo. Mlango wa nyumbani ulikuwa umegongwa mara ngapi, naye kauliza mara ngapi, na siku zote mtoto wa mwenziwe anajibu, wa kwake hajibu. Sasa kajibiwa. Mama Simu alivua miwani akalia, tena kilio cha haja, mabega yakitikisika. Injinia aliyesimama mlangoni akaomba radhi asijue kosa lake ni lipi.

Kuanzia hapo mama na mwana waliandikiana, wote wawili wakiingia kwa jina la Mimi. Injinia aliwaambia maneno ya ghafla yanamrukia mtu katikati ya kazi, afadhali waache ujumbe kwenye ukurasa, wauite BARUA, mwingine aufungue akipata nafasi. Basi kila Mama Simu aliposhuka kutoka darini alikuta maneno yanamsubiri. Mama, karani wa masjala kapaka mafuta ya nywele mpaka faili zinateleza. Mama, nimemaliza namba za mtaa wetu, jirani yetu anaoga mno. Mama, umemwona Mkurugenzi leo? Suruali imekimbia vifundo, nimesoma soksi zake mpaka jina la kiwanda. Binti wa fundi cherehani hawezi kuiacha suruali ipite hivi hivi. Mama Simu alicheka peke yake mle chumbani hadi kiti kikalia. Kwa miaka yote alikuwa anajua kama mwanawe ameshiba, ameumwa, amenuna. Lakini siku ya mwanawe ilivyokwenda, saa kwa saa, na alichokiona kichekesho na alichokiona upuuzi, ndiyo kwanza anakijua. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wageni wakubwa walikuja kutoka makao makuu, na Mkurugenzi alitakiwa kuwasomea taarifa. Katibu wake aliichapa kwenye mjukuu wake mwenyewe. Alipoulizwa NANI? alijibu kama wenzake, na ukurasa wake akauita, kwa kuwa ni taarifa ya kupeleka kwa watu, BARUA. Bibi alipokuta jina hilo lipo katika chumba cha Mimi, hakuuliza swali. Akaunganisha kurasa, mpya juu na ya zamani chini yake, kama mtu anayeunga kamba. Printa ikapiga, katibu akatia kwenye jalada zuri, na Mkurugenzi, aliyejivunia kwamba hapitii taarifa kabla ya kuisoma, akasimama mbele ya ukumbi uliojaa akaanza kusoma.

"Katika kipindi hiki upotevu wa maji umepungua," alinguruma. "Mabomba chakavu yamebadilishwa. Wateja wapya wameunganishwa. Mama, umemwona Mkurugenzi leo? Suruali imekimbia vifundo, nimesoma soksi zake mpaka jina la kiwanda."

Mtu asomaye kwa kujiamini hasimami upesi. Alimaliza sentensi yote, akaweka na kituo. Ukumbi mzima, wageni na wenyeji, ukatazama chini kwa pamoja, kwenye miguu ya Mkurugenzi. Na suruali, mimi nitasemaje, ilikuwa fupi.

Chiriku alikaa mstari wa nyuma kando ya mama yake, aliyekuwa akimtafsiria taarifa kwa mikono. Mikono ya Mama Simu ilikuwa imeganda hewani.

"Kasema nini?" Chiriku aliuliza kwa vidole. "Mbona wote wanainama?"

Mama yake akamwambia. Rangi ikamtoka binti wa watu.

Wageni walipoondoka, Mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi wote mle mle ukumbini. Injinia alikuwa ameshamweleza haraka haraka kwamba kila mtu katika jengo ameingia kwa jina la Mimi, na ndiyo sababu ya mchanganyiko. Maelezo hayakumpoza, yalimchochea.

"Nataka kujua," alifoka, mishipa imemsimama, "mimi ni nani!"

Watu wakatazamana. Tarishi mzee, mtu wa heshima zake, akaona aibu kumwacha bosi bila jibu. "Ni Mkurugenzi wetu, mzee," alisema kwa upole.

"Sikuulizi hilo! Nauliza mimi ni nani!"

"Si mimi," alisema mhasibu.

"Wala mimi," alisema wa masjala.

"Mimi sijawahi kuwa Mimi," alisema katibu, na huo ulikuwa uongo mtupu.

Mama Simu akasimama. "Bosi, hilo swali la 'Nani' niliweka mimi. Kosa ni langu."

"Sizungumzii swali, Mama Simu! Nazungumzia suruali!"

Hapo Chiriku naye akasimama. Alikuwa amefuata kila neno kwenye mikono ya mama yake. Mama akamvuta gauni akae, binti akaukung'uta mkono wa mama. Akamtazama Mkurugenzi usoni, akanyanyua kidole cha shahada, akakiweka kifuani pake. Alama hiyo haikuhitaji mkalimani.

Mkurugenzi alifungua kinywa kufoka, akakumbuka kwamba kufoka hakutafika, akakifunga. Akamgeukia Injinia.

"Nilikuomba kioo ofisini kwangu, ukaniambia matundu yamejaa. Sasa limepatikana tundu. Mama Simu, kesho asubuhi ung'oe waya wa stoo, uuvute wa kwangu." Akatoka kwa hatua ndefu, na ukumbi mzima ukajitahidi kutazama dari.

Jioni ile nyumbani hapakuwa na wa kumchekesha mwenzake. Baba Chiriku alikanyaga cherehani isiyokuwa na kitambaa. Bila tundu hapana kioo, na bila kioo Chiriku hana kazi, na nje ya mlango ule kuna maofisi yale yale na swali lile lile: simu ikilia? Hilo wote watatu walilijua.

"Kosa langu," Chiriku alisema kwa mikono, taratibu, bila mbwembwe zake. "Wewe ng'oa tu, mama. Usigombane nao, utakosa kazi na wewe."

Asubuhi Mama Simu aliingia chumba cha baridi kabla ya watu, akazunguka nyuma ya Bibi na bisibisi yake. Plagi zilipangana pale na vikaratasi vyake. Ya Stoo ilikuwa mwisho kabisa, na iliyoitangulia ilikuwa ya Simu. Alizitazama zote mbili. Kisha akatia bisibisi mfukoni, akapanda ghorofani kwa Mkurugenzi, akagonga.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mama Simu, bosi."

"Pita."

Hakukaribishwa kiti, naye hakukitaka. "Bosi, nimekuja kuuliza. Unataka tundu, au unataka adhabu?"

"Vipi tena?"

"Ukitaka tundu, chukua la kwangu. Mimi nyaya nitazipima kwa kuzisikiliza, kama zamani. Na ukitaka adhabu, adhabu ni hiyo hiyo. Yule mtoto alikuwa anaandika kwa sababu nipo mimi wa kusoma. Ukinitoa kwenye kioo, hana wa kumwandikia. Nami sina wa kuniandikia." Akasogea hatua moja mezani. "Tangu nimzae, bosi, ndiyo kwanza tulikuwa tunazungumza kazini kama watu wengine wanavyopigiana simu. Mimi niliwaunganisha nyinyi wote hapa. Wangu alikuwa hana laini."

Mkurugenzi alizungusha kalamu mezani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechekwa. "Na namba zake za mita zikoje?"

"Muulize Injinia. Mimi ni mama yake, nitakudanganya."

"Nimeshamuuliza," alisema. Kisha akainama kidogo upande wa meza, akajitazama miguuni. "Kwani ilikuwa fupi kweli?"

"Fupi, bosi."

"Sana?"

"Ilete nyumbani. Upindo una kitambaa cha kutosha, mume wangu ataishusha."

Akakohoa. "Ng'oa la kwako. Ya binti tutaona majaribio yakiisha."

Mama Simu alirudi chumba cha simu, akakaa mbele ya kioo chake kwa mara ya mwisho, akapeleka maneno stoo: NAKATA WANGU. WAKO UNABAKI. CHAPA KAZI. Hakungoja jibu. Alijua herufi za waya ule zinakuja moja moja, na akiona hata ya kwanza hataweza kuung'oa. Akashuka mbio mbio kwa umri wake, akazunguka nyuma ya Bibi, akaishika plagi ya Simu, akaivuta.

Injinia alimkuta pale ameishika mkononi. "Samahani, mama. Nadhani umekosea tundu."

"Sikukosea, mwanangu. Niletee waya wa huyo bwana."

Basi Mkurugenzi alipata kioo chake. Akakifunika kitambaa kisipate vumbi, akawaonyesha wageni, na sijasikia kwamba alikigusa. Injinia alimfundisha Bibi adabu mpya. Hakuuliza tena NANI? Aliuliza ANDIKA JINA KAMILI, na kila mtu akapewa chumba chake na neno lake la siri, na jengo likapoa. Mama Simu alirudi darini na kisikilizio chake cha zamani cha swichibodi shingoni. Chumba cha simu kikawa kimya. Alipokuwa mle aliuacha mlango umefungwa, akala chakula chake cha mchana akitazama mezani mahali kioo kilipokuwa, pale ambapo rangi ya mbao haikufifia. Alikuwa na hamu ya mwanawe aliyekuwa ghorofa mbili chini yake. Jioni walionana, ndiyo, lakini jioni mtu kachoka na siku imeshapita, haisimuliki kama ilipokuwa mbichi.

Siku moja mchana, amefungua kikapu hata hajala, mlango ukagongwa.

"Nani?" aliuliza, kwa mazoea.

Kimya.

Akafuta mikono, akawa anainuka. Kabla hajafika, karatasi ikapenya chini ya mlango, karatasi ya printa, yenye vitundu pembeni. Juu yake palipigwa neno moja: MIMI.

Mama Simu aliisoma amesimama. Yeye si mtu wa kushindwa mzaha na mtoto aliyemzaa. Alichukua penseli, akainama kwa shida, akaandika chini yake: MIMI NANI? ANDIKA JINA KAMILI. Akairudisha kule ilikotoka.

Nje ikasikika penseli ikikwaruza sakafu, ikaendelea kukwaruza. Karatasi ikarudi.

CHIRIKU WA STOO. KARANI WA KUDUMU KUANZIA LEO, MKURUGENZI KATIA SAINI. SURUALI YAKE SASA NI NDEFU, INAFAGIA. FUNGUA, NINA NJAA.

Mama Simu akafungua.